Afisa Hewa

Kaka yangu alikuwa afisa hewa wa kwanza wa karakana yetu, na nadhani wa kwanza duniani. Cheo hicho kilibuniwa Jumatatu saa nne asubuhi, saa sita kikapata kiti, na kufika saa tisa alasiri kilikuwa na koti jeupe lenye mifuko miwili. Mshahara haukuguswa. Bosi alisema heshima na mshahara havikai chungu kimoja.

Tunatengeneza boti za fibaglasi. Kuna kalibu, yaani umbo la boti lililo wazi kama bakuli refu. Ndani yake wanaume hutandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, humimina resini iliyochanganywa na kigumishi, kisha hupita na rola wakikamua mapovu. Tabaka juu ya tabaka, mpaka boti igande. Mimi nipo chumba cha kukatia, pamoja na wanawake wenzangu watatu. Tunakata kitambaa kwa makasi kufuata vipimo, na nyuzi zinatuingia kwenye ngozi hadi tunajikuna kama kuku wenye utitiri. Mume wangu, enzi alipokuwa mume wangu, alikuwa akiuliza kama amemuoa mtu au amemuoa nungunungu.

Lakini mwasho si kitu mbele ya harufu ya resini. Ni kali na tamu, kama tunda lililooza ndani ya kopo la rangi. Anayeanza kazi hulia machozi siku ya kwanza. Siku ya pili kichwa humgonga. Siku ya tatu hutapika nyuma ya ghala, na wakongwe humpigia makofi. Kisha, baada ya miezi mitatu hivi, huingia asubuhi moja akasimama katikati ya karakana na kuuliza, "Mbona leo hakuna harufu?" Hapo ndipo anaposhangiliwa. "Pua imekomaa!" Anapewa mkono, anakaribishwa kwenye benchi la wakongwe, na tangu siku hiyo hakuna anayemwita mgeni.

Tuliamini hivyo kweli. Tuliamini pua hukomaa kwa kazi kama kiganja kinavyoota sugu, na kwamba mwenye sugu kubwa ndiye mjuzi. Hatukujiuliza sugu huhisi nini.

Kwa kipimo hicho, kaka yangu alikuwa bingwa. Miaka kumi na tisa ndani ya kalibu. Alikuwa akila chakula chake cha mchana amekaa juu ya ukingo, resini mbichi chini ya miguu yake, ametulia kama yuko bustanini. Wageni walioletwa kutembezwa walioneshwa boti, halafu wakaoneshwa yeye.

Kisha akaja mkaguzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mdogo. Alikaa dakika arobaini, akatoka macho mekundu, akaandika mambo matatu: wafanyakazi wapewe barakoa zenye vichujio, lifungwe feni kubwa la kuvuta mvuke nje, na kinunuliwe chombo cha kupima hewa kabla mtu hajaingia sehemu yoyote ya boti iliyofungwa.

Bosi ni mtu wa sheria, akatii yote. Barakoa zilikuja, za karatasi, zinazozuia mvuke kama chandarua kinavyozuia moshi. Feni lilikuja pia, likafungwa ofisini kwake. "Humu ndimo yanamotoka maamuzi," alituambia, "na maamuzi yanahitaji hewa." Kuhusu chombo cha kupima, alipiga simu kuulizia, akatajiwa bei, kisha akatuita wote uwanjani.

"Chombo ni chuma tu," alisema. "Kinaweza kuharibika, kinaweza kudanganya. Lakini mtu aliyelala na resini miaka kumi na tisa, nani atamdanganya?"

Akamshika kaka mkono, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla mtu hajaingia chini ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti, afisa hewa huinamisha kichwa kwenye tundu la kuingilia, hunusa mara tatu, hutafakari, kisha hujaza fomu yenye visanduku vitatu: Safi, Wastani, Mbaya. Muda mwingine wote hukaa kwenye kiti chake nje ya mlango mkubwa, ambako upepo hupita.

Na kiti hicho, Mungu anisamehe, kilimponya. Kabla yake alikuwa akirudi nyumbani anapepesuka na hajaonja pombe. Alisahau majina. Aliwahi kumwita mkewe kwa jina la shangazi yetu, tena shangazi asiyempenda. Kifua kilikuwa kikikoroma kama mashine ya kusaga isiyo na nafaka. Baada ya mwezi mmoja wa kukaa upepo­ni, kikohozi kilipungua, mikono ikaacha kutetemeka, akaanza hata kupiga mluzi. Wifi yangu aliniambia, "Wifi, nimerudishiwa mume wangu. Nilikuwa nimeshamzoea yule mwingine."

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili wa cheo, tulipojua. Naishi chumba cha uani katika nyumba ya kaka. Nilikuwa na wifi tunaanua nguo. Nguo za kazi za kaka tunazianika kando ili nyuzi zisiingie kwenye shuka. Tukarudi ndani, na mlangoni tu gesi ikatupiga usoni. Mpira wa jiko ulikuwa umechomoka. Kaka alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye mtungi, anatengeneza pasi.

Wifi aliruka akafunga mtungi, akafungua dirisha, akamgeukia. "Unataka kutuua?"

"Nimefanya nini tena?"

"Gesi! Husikii gesi?"

Akanusa, mara tatu, kwa mtindo wake wa kazini. "Iko wapi?"

Tukatazamana. Wifi akachukua soksi zake za wiki nzima kutoka kwenye kapu, akamwekea chini ya pua. "Na hizi?"

"Hizo ulishafua."

"Nimefua lini?"

"Mimi nilidhani umebadilisha sabuni. Miaka hii yote nilidhani umepata sabuni nzuri."

Wifi alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka, akawa analia. Kaka aliweka pasi chini. Hakukataa, wala hakushangaa sana. Alisema alikuwa akijua kwa namna fulani, kama mtu anavyojua jino limeoza bila kwenda kuling'oa.

"Mkisema kazini," alisema, "nitatolewa kwenye kiti. Nikitolewa kwenye kiti, narudi ndani ya kalibu."

"Na mtu akiingia kwa neno lako akafa?" wifi akauliza.

Kaka akaichukua tena pasi. Mimi ndiye niliyejibu, na jibu langu ndilo linalonikalia kifuani hadi leo. Nilisema, "Mimi bado nasikia harufu. Nitakusaidia."

Tukapanga. Chumba cha kukatia kina mlango unaotokea karakana. Kila afisa hewa akienda kunusa, mimi nitapita karibu nimebeba kitambaa. Nikinyamaza, Safi. Nikikohoa mara moja, Wastani. Nikikohoa mara mbili, Mbaya, na mtu asiingie.

Ilifanya kazi vizuri kupita tulivyotarajia. Kaka alikuwa mwigizaji. Aliinama, akafumba macho, akavuta hewa kama anaonja mchuzi wa mamkwe, akasubiri. Mimi kho-kho. Naye, "Hmm. Hapana. Leo hapana. Fungueni, tusubiri kwa saa mbili." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Fundi mmoja mwembamba tuliyemwita Sindano, kwa sababu aliweza kupita kwenye tundu lolote, alikuwa akisema, "Pua ya mzee ni mtambo. Inasikia hata alichokula fundi wa jana." Wakongwe wengine waliona wivu. Mmoja alinong'ona kwamba yeye ana miaka ishirini na moja ya resini na hakuna aliyemuuliza kuhusu pua yake. Mwenzake akamwambia, "Wewe nyamaza, mavi ya kale hayanuki."

Kwa hiyo kila mtu alikuwa salama kwa kikohozi changu, na kikohozi changu ndicho kilichokuwa kikishikilia uongo usianguke. Sikuliona hivyo wakati ule. Nilijiona mjanja.

Kilichotuponza ni afya. Bosi alikuwa na mteja mkubwa, mwanamume wa viatu vyeupe, aliyeagiza boti ndefu kuliko zote tulizowahi kuunda. Ilibaki kazi moja tu: kuziba mshono wa ndani, kwenye chumba cha tangi la mafuta, chini kabisa. Chumba hicho huingiwa kwa tundu lenye upana wa sinia. Mteja alikuwa anakuja kuona boti yake inakamilika. Asubuhi hiyo bosi alipita akikagua usafi, akanikuta nimesimama na kitambaa changu.

"Dada, wewe unakohoa sana."

"Ni vumbi, bosi."

"Miezi miwili nakusikia. Mteja akikusikia atasema huku hatujali afya za watu. Ingia chumbani kwako, funga mlango, usitoke hadi aondoke."

Ndiyo hatua pekee ya kulinda afya niliyowahi kumwona akiichukua mwenyewe, kwa miguu yake. Aliufunga mlango kwa mkono wake.

Niliona yote kupitia dirisha la kioo, na kioo kilikuwa kimevunjika pembeni, kwa hiyo nilisikia pia. Mafundi walikuwa wamepaka resini chumba cha tangi jioni iliyotangulia, na asubuhi wamesugua sakafu yake kwa asetoni, dawa kali ya kuyeyushia resini. Sindano alikuwa tayari, rola mkononi, anamsimulia mwenzake jinsi binti yake wa miezi minne alivyoanza kugeuka mwenyewe kitandani. Mteja alisimama mbali kidogo na resini, kwa ajili ya viatu.

"Huyu ndiye afisa wetu wa hewa," bosi alisema. "Afisa, tuhakikishie."

Kaka akapanda sitaha, akainama, akanusa. Akageuza kichwa kunitafuta. Akanusa tena. Nilikohoa kule ndani hadi koo likawaka, lakini grinda la kusugulia boti lilikuwa linanguruma na mlango umefungwa. Sijui, kama ningekuwa pale, ningekohoa mara ngapi. Ukweli ni kwamba nami nilikuwa na miaka minane kwenye chumba kile.

Akasimama wima. Akamtazama Sindano, akatazama fomu. Grinda likazimwa.

"Mbaya," alisema, akaweka alama kwenye kisanduku.

Bosi akacheka kwa ajili ya mteja. "Yuko makini sana huyu. Nusa tena."

"Mbaya, bosi."

"Nusa vizuri."

Hapo kaka akafanya jambo ambalo hatukuwa tumepanga. Alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sitaha. "Bosi, ninasema mbaya kwa sababu sijui. Pua yangu imekufa. Sijui imekufa mwaka gani. Na zenu pia, wenzangu."

Wakongwe wakaguna. Mmoja akasema, "Jisemee mwenyewe." Kaka akaniita nitoke. Akaniomba kitunguu nilichokuwa nimebeba kwa ajili ya kupikia nyumbani. Nikakileta. Akakikata vipande kwa kisu cha kitambaa, akawaambia wakongwe wafumbe macho wazibe na vinywa, akapita kwenye benchi akiwapitishia puani mmoja mmoja.

"Hicho nini?"

"Maji," wa kwanza akasema.

"Mbao," akasema wa pili, kwa uhakika.

Yule wa miaka ishirini na moja alivuta pumzi ndefu, akatafakari kama mtu mwenye cheo. "Hujaleta kitu bado."

Kitunguu kilikuwa kimegusa masharubu yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kwa nini.

Walipofumbua macho hakuna aliyecheka, isipokuwa mteja, aliyedhani ni burudani aliyoandaliwa. Sindano ndiye aliyekitambua kitunguu, maana yeye ni wa mwaka mmoja tu. Na badala ya kufurahi alikishika kile kipande akakitazama kama barua yenye habari mbaya.

Nilidhani tumeshinda. Nilidhani hata bosi atakuwa na la kuona haya. Bosi aliweka mikono kiunoni, akafikiri, kisha uso ukamng'aa.

"Sasa kama hamsikii harufu," alisema, "harufu inawasumbua nini? Sindano, ingia. Mteja ana haraka."

Sindano akaanza kuvua viatu. Ndivyo tulivyo, mtu akiambiwa kwa sauti ya kawaida, mikono hutii kabla ya kichwa. Kaka akamshika bega.

"Wewe baki. Nitaingia mimi."

Nikamvuta pembeni. "Kaka, si tuondoke tu? Mimi na wewe, sasa hivi."

"Tukiondoka wawili, ataingia wa tatu," alisema. "Mimi nimeshaingia humo mara elfu. Leta kamba."

Akajifunga kamba kifuani, chini ya makwapa. Mwisho wake akanipa mimi, na nyuma yangu Sindano. Akatuambia atakuwa anaongea muda wote. Akinyamaza, tuvute. "Na asiingie mtu kunifuata. Hata mkisikia nalia. Mmenielewa? Kamba ndiyo iingie, mtu hapana."

Akaingia na barakoa yake ya karatasi. Kweli aliongea. Alihesabu hatua za mshono kwa sauti. Alimwambia bosi kwamba mandhari ya huko ni mazuri, alete ofisi yake. Watu wakacheka kidogo. Akaniuliza kama kitunguu kimebaki cha kutosha kupikia. Nikamwambia kimebaki nusu. Akasema nusu inatosha kwa watu wasio na pua. Kisha akaanza kumuita mkewe kwa jina la shangazi, na nikajua.

"Vuta!" nikapiga kelele, kabla hajanyamaza.

Tulivuta. Mabega yalikwama kwenye tundu. Mtu aliyelegea ni mpana kuliko mtu aliye macho. Hilo sikuwa nalijua. Yule mkongwe wa miaka ishirini na moja alitaka kuruka ndani amsukume kutoka chini, na Sindano akamzuia kwa teke, akilia, "Amesema mtu hapana!" Tukamrudisha chini kidogo, tukamgeuza, tukavuta tena, mkono mmoja mbele. Alipotoka nje alikuwa na rangi ya jivu la mkaa.

"Mpeni maziwa!" bosi alikuwa anapiga kelele. "Maziwa! Yanasafisha kifua!"

Maziwa yalifika. Gari la hospitali lilifika baada ya maziwa. Kaka alikuwa ameshaondoka.

Mazishini bosi alizungumza. Alisema marehemu alikuwa pua ya kampuni, na kwamba familia ya kampuni imebaki bila pua. Alisema kwa huzuni ya kweli, nadhani. Wapo watu wanaoweza kuhuzunika bila kujifunza kitu. Wifi alikuwa amenishika mkono kwa kucha. "Asipomaliza sasa hivi," alininong'oneza, "nitamzika na yeye, shimo ni kubwa."

Siku ya tatu karani wa ofisi alituletea nyumbani karatasi ya kutia sahihi. Niliisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Ilisema: kwa kuwa afisa hewa alikuwa ameandika Mbaya, na marehemu akaingia hata hivyo, marehemu alikiuka agizo la afisa hewa, na kampuni haina lawama.

"Afisa hewa si ndiye marehemu?" wifi alimuuliza karani.

"Ndiye, mama. Lakini kwenye mafaili ni watu wawili."

"Basi mpelekee yule mwingine atie sahihi," wifi alisema, akamrudishia kalamu yake.

Siku ya nne nilirudi kazini. Watu walidhani nimeenda kuchukua vitu vyangu. Boti ilikuwa palepale, mshono haujaisha, na bosi alikuwa amesimama juu ya sitaha akitafuta mtu kwa macho, kama mwalimu anayetafuta wa kufuta ubao. Macho yakatua kwa Sindano. Sindano akatazama viatu vyake.

Mimi si mwembamba. Wenzangu chumba cha kukatia hunitania kwamba nikikaa kwenye benchi lao wao huinuka upande wa pili. Nikapanda sitaha, nikakaa juu ya tundu. Nililijaza lote, na bado nikazidi.

"Dada, unafanya nini?"

"Nimekaa, bosi."

"Inuka, watu wafanye kazi."

"Wafanye. Kazi ya huku chini ndiyo haitafanyika, mpaka mvuke utolewe na hewa ipimwe na kitu kisicho na watoto."

Akasema atanifukuza kazi. Nikamwambia anifukuze, nitakuwa mtu aliyefukuzwa aliyekaa juu ya tundu. Akawaambia wanaume wanibebe. Wanaume wakatazamana, na yule mkongwe wa miaka ishirini na moja akasema mgongo wake unamsumbua tangu ujana. Wa pili akasema wake pia. Ghafla karakana nzima ikawa na ugonjwa wa mgongo. Bosi akashuka, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Saa nne wanawake wenzangu waliniletea roli la kitambaa na makasi yangu. Nikakata nikiwa palepale, miguu inaning'inia. Mara mbili niliongea na kaka, kimoyomoyo. Nilimwambia nilipaswa kusema ukweli ile Jumamosi, pale jikoni, badala ya kujifanya daktari wa vikohozi. Chini yangu kulikuwa kimya, na kimya hicho nilikisikiliza kutwa.

Jioni wifi alinikuta mlangoni navua viatu.

"Umekaa juu ya boti siku nzima?"

"Siku nzima."

"Na ukiondoka wewe, si wataingia?"

"Yupo mke wa Sindano. Amekuja na mtoto na mkeka. Kesho asubuhi ni mimi tena."

Wifi akafikiri, akainama kunipokea mfuko. "Keshokutwa andika jina langu," alisema. "Mimi ni mwembamba, lakini nitakaa kwa ubavu."